Swali la Tano

Oda iliingia Alhamisi saa tano usiku, nikiwa nimeshavua viatu. Kurasa 10, dedilaini Jumamosi asubuhi. Somo: usimamizi wa utafiti na uendelezaji katika viwanda vya dawa. Shilingi 350 kwa ukurasa.

Kwa wale ambao hawajawahi kuifanya kazi hii, inaenda hivi. Mahali fulani Uingereza kuna mwanafunzi wa uzamili ambaye hana muda, au hana hamu, au ana kazi mbili za kulipia nyumba. Analipa tovuti. Tovuti inampa kazi mwenye akaunti, na mwenye akaunti wangu ni jamaa wa Kahawa Wendani mwenye wi-fi isiyokatika na kiti cha kuzunguka. Yeye anakata fungu lake, kisha ananirushia kilichobaki kwa M-Pesa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Hadi leo nimeandika tasnifu mbili za uzamili na insha nisizoweza kuzihesabu. Sijivunii, lakini pia sitakudanganya ati nakosa usingizi. Kodi ni kodi.

Maagizo ya oda hii yalikuwa marefu kuliko kawaida. Mhadhiri alitaka mwanafunzi achague uamuzi mmoja halisi, pale kampuni ya dawa ilipoendeleza, kusimamisha au kukabidhi mradi wa utafiti. Kisha aandike waraka kwa bodi kana kwamba yeye ndiye mkuu wa utafiti wa kampuni hiyo. Mstari wa mwisho ulikuwa kwa herufi kubwa: usilaumu, tetea.

Kuhusu kusimamia utafiti wa dawa sikujua lolote. Ninachojua kuhusu dawa ni kumeza. Basi nikaanzia hapo.

Mwaka 2019 nilikuwa na miaka 20. Tulikuwa watu watatu kwenye chumba kimoja Githurai, vitanda viwili na godoro moja chini, na dirisha dogo lililotazama ukuta wa ploti ya jirani. Dirisha lenyewe tulikuwa tumelifunga kwa sababu ya vumbi na wezi. Kukohoa kulianza Januari. Kila mtu mle ndani alikuwa na kikohozi chake, kwa hivyo changu hakikuonekana cha ajabu. Mwenye chemisti ya pale kona aliniuzia dawa ya maji, halafu antibiotiki za siku tano, halafu antibiotiki nyingine za siku saba, halafu dawa ya maji ya rangi tofauti. Wiki kumi. Alikuwa mtu mzuri, aliniita bro, na hakuna siku aliyoniambia nenda ukapime makohozi. Jasho la usiku nililisingizia mabati. Suruali zilipoanza kuteleza kiunoni nikasingizia bajeti.

Aliyenipeleka kupimwa ni rumeti wangu, na si kwa huruma peke yake. Alisema amechoka kulala karibu na trekta. Tukaenda kliniki ya umma, nikapewa kikopo, nikatumwa nyuma ya jengo kando ya tangi la maji nikohoe hadi kitoke kitu cha maana. Baada ya mashine kusema yake nikapandishwa kwenye mizani. Kilo 49. Sista wa kliniki, mama wa makamo aliyemwita kila mgonjwa wa kiume baba, akanieleza polepole. Ni kifua kikuu. Ni miezi sita. Vidonge vitatu kila asubuhi, ni bure, usiruke hata siku moja. Halafu akauliza tunalala vipi. Nilipomwambia kuhusu dirisha akatikisa kichwa. "Lifungue, baba. Hata Julai, lifungue. Huu ugonjwa haupendi upepo."

Ni yeye aliyempigia mamangu simu, kwa sababu mimi nilikuwa nimeanza kulia na sentensi hazikuwa zinaisha.

Kitu ambacho sikumsikia akinionya ni mkojo. Asubuhi ya kwanza nilitazama chini nikaona Fanta. Nilisimama pale chooni, jirani akigonga mlango, nikihesabu nimebakiza siku ngapi. Kumbe ni rifampicin, mojawapo ya dawa nne zilizobanwa ndani ya kile kidonge. Ina rangi ya matofali na inatoka na rangi yake. Inapaka hata machozi.

Chuo kilikwisha bila kishindo. Kwanza nilikosa CAT mbili, halafu mitihani. Niliandika barua ya kuahirisha masomo, ofisi fulani ikasema barua haikufika, nikapeleka nyingine, ikafika imechelewa. Nikaambiwa nirudi mwaka unaofuata. Nilirudi, Januari 2020, nikiwa mzima na mwenye deni la karo. Machi vyuo vyote vikafungwa kwa sababu ya korona. Vilipofunguliwa, mimi nilikuwa tayari nawaandikia watu wengine insha zao.

Kwa hivyo usiku ule wa Alhamisi, nilipoambiwa nichague uamuzi wowote wa kampuni yoyote ya dawa, vidole viliandika TB vyenyewe.

Kitu cha kwanza nilichokutana nacho ni kwamba ile rifampicin yangu ilitoka msituni. Mwaka 1957, maabara ya kampuni ya Lepetit kule Milan ilipokea udongo uliochotwa kwenye msitu wa misonobari, pwani ya kusini mwa Ufaransa. Ndani yake mlikuwa na kijidudu kinachotengeneza kemikali ya kuua bakteria wengine. Watafiti wakaibandika kemikali hiyo jina la utani kutokana na filamu ya wezi iliyokuwa ikivuma enzi hizo, Rififi. Wakaibadilisha muundo tena na tena hadi wakapata kitu ambacho mgonjwa anaweza kumeza, na mwaka 1968 rifampicin ikaanza kuuzwa Italia. Nilicheka peke yangu saa saba usiku. Kilichoniokoa kimepewa jina kutokana na sinema ya wizi.

Kitu cha pili sikukicheka. Zamani TB ilitibiwa kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi, pamoja na sindano. Kwamba miezi sita inatosha, jambo hilo lilithibitishwa hapa kwetu. Jaribio la kwanza la tiba fupi lilifanywa na mabaraza ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki na Uingereza, kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, na matokeo ya awali yakachapishwa mwaka 1972. Kampuni ilitengeneza dawa, lakini hesabu ya namna ya kuitumia kwa mtu maskini anayetaka kurudi shambani haraka ilifanywa kwa pesa za umma. Kuna wazee mahali fulani nchini ambao mwaka 1970 walikubali kugawanywa kwa makundi, hawa miezi sita, wale zaidi ya mwaka, ili mimi nitibiwe kwa miezi sita tu. Nilikaa na jambo hilo kidogo. Halafu nikakumbuka nalipwa kwa ukurasa.

Sasa usimamizi wenyewe. Nilidhani kazi ya mkuu wa utafiti ni kugundua dawa. Nikaja kuelewa kwamba kazi yake kubwa ni kuua. Katika kila dawa kumi zinazoanza kujaribiwa kwa binadamu, karibu tisa hazifiki sokoni, na kadiri moja inavyofia mbali ndivyo inavyokufa na pesa nyingi. Awamu ya kwanza ni watu wachache, kuangalia usalama. Ya pili ni mamia, wakati mwingine maelfu, kuona kama kuna dalili ya kufanya kazi. Ya tatu ni maelfu mengi, miaka, nchi kadhaa, na hapo ndipo hela hasa huteketea. Meneja mzuri ni yule anayeua mapema, huku watafiti waliotumia miaka minane kwenye kitu hicho wakimtazama usoni.

AstraZeneca walikuwa na shida hiyo hiyo. Walipojikagua miradi yao ya 2005 hadi 2010, ni asilimia 4 tu iliyotoka kwenye maabara ikamaliza awamu ya tatu. Wakaweka utaratibu wa maswali matano ambayo kila mradi lazima uyajibu. Je, tunalenga mahali panapostahili katika ugonjwa huu? Je, dawa inafika kwenye kiungo kinachohusika? Je, ni salama? Je, tunamjua mgonjwa atakayefaidika? Na la tano: je, soko lipo? Miaka michache baadaye wakachapisha kwamba ile asilimia 4 imekuwa 19. Hii si porojo ya wauza semina. Dawa nyingi zaidi zilifika kwa watu wengi zaidi kwa sababu mtu alijifunza kusema hapana.

Mwaka 2014 kampuni hiyo hiyo ilitangaza kufunga kituo chake cha utafiti Bangalore, India. Kituo hicho kilikuwa kikishughulikia TB, malaria na magonjwa yaliyosahaulika. Sijui ni swali lipi kati ya yale matano lililotajwa kwenye kikao. Ninaweza kukisia.

Nikaingia kwenye hesabu za gharama, kwa sababu waraka wa bodi bila namba ni mahubiri. Namba inayotajwa sana ni ya Chuo Kikuu cha Tufts, mwaka 2014: dola bilioni 2.6 kwa kila dawa mpya inayoidhinishwa. Wengine wameipinga, na wewe ukiangalia imejengwa vipi utaona kwa nini. Imejumlisha dawa zote zilizokufa njiani, sawa, hilo naelewa. Lakini karibu nusu ya hiyo hela haikutoka mfukoni mwa mtu. Ni faida ambayo pesa ingezaa kama ingewekezwa kwingine miaka yote hiyo.

Mamangu anahesabu hivyo hivyo. Mwulize nilimgharimu kiasi gani, hatakutajia karo ya miaka miwili peke yake. Atakutajia ile ploti ya Kitengela ambayo angeinunua mwaka 2018, na ingekuwa na thamani gani leo. Sikujua kwamba kuna profesa Marekani anayefanya hesabu ya mamangu.

Karibu saa nane nikaipata M72.

Utaliona kovu kwenye mkono wako wa kushoto, lile la sindano ya BCG. Chanjo hiyo ilianza kutumiwa mwaka 1921. Inawakinga watoto wadogo dhidi ya TB mbaya za ubongo na za mwili mzima. Kwa mtu wa miaka 20 anayelala chumba kisicho na hewa Githurai, haitegemeki. Na zaidi ya miaka mia moja baadaye hatuna nyingine.

M72 ni jaribio la kupata nyingine. GSK, kampuni ya Uingereza, waliunganisha protini mbili za bakteria wa TB, wakazichanganya na kitu kinachoitwa AS01, ambacho kazi yake ni kuuamsha mwili uichukulie chanjo kwa uzito. Sehemu ya AS01 husafishwa kutoka ganda la mti wa Chile. Wakaijaribu kwa watu wazima 3,573 Afrika Kusini, Zambia na hapa Kenya, wa miaka 18 hadi 50, ambao tayari walikuwa na bakteria waliolala mwilini. Baada ya miaka mitatu, upande wa waliochomwa chanjo walikuwa wameugua 13. Upande wa pili, 26. Nusu. Matokeo ya kwanza yalichapishwa Septemba 2018, ya mwisho Oktoba 2019.

Nilitazama hizo tarehe muda mrefu. Septemba 2018 mimi nilikuwa mzima, nacheza futiboli kila Jumapili. Oktoba 2019 nilikuwa nimemaliza vidonge vyangu majuzi tu. Ugonjwa wangu wote unaenea katikati ya makala mawili ya kitaalamu.

Sasa uwe meneja. Una chanjo ya TB iliyofanya kile ambacho hakuna nyingine iliyokifanya kwa karne nzima. Una pia AS01, ile ile, ndani ya chanjo nyingine yako iitwayo Shingrix, iliyoidhinishwa Marekani Oktoba 2017. Hiyo ni ya mkanda wa jeshi, yale malengelenge yanayowashika hasa watu wa makamo na wazee. Inatolewa kwa wenye miaka 50 kwenda juu katika nchi ambazo bima inalipa, na mwaka 2023 iliingiza zaidi ya pauni bilioni 3. Hata chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyojaribiwa na kutolewa kwa watoto kule magharibi mwa Kenya, inabeba AS01.

Januari 2020 GSK walitangaza wameikabidhi leseni ya M72 kwa taasisi ya utafiti wa tiba ya Bill na Melinda Gates. Wao wangeendelea kutoa AS01 na ushauri. Kupatikana kwa pesa za awamu ya tatu kulichukua muda: tangazo la dola milioni 550, kutoka wakfu wa Gates na Wellcome, lilikuja Juni 2023. Mtu wa kwanza alichomwa Machi 2024, Afrika Kusini. Kutoka Septemba 2018 hadi Machi 2024 ni miaka mitano na nusu, na TB iliua watu wanaokadiriwa kuwa milioni 1.25 katika mwaka 2023 peke yake.

Sisemi wangepona. Chanjo yenyewe bado haijathibitishwa. Ndiyo maana kuna awamu ya tatu. Nasema tu saa ilikuwa inakwenda.

Nililala saa kumi nikaamka saa tatu, nikanywa chai ya rangi, nikaanza kuandika. Na hapa ndipo nataka kuwa mkweli, kwa sababu ingekuwa rahisi kukuambia kwamba niliandika nikiuma meno. La. Niliandika vizuri sana.

Niliwaambia wajumbe wa bodi kwamba 13 dhidi ya 26 ni matumaini, si uthibitisho. Wagonjwa kumi wakigeuka upande huu au ule, hadithi inakuwa nyingine. Kwamba TB ni ugonjwa wa polepole, kwa hivyo jaribio kamili lahitaji hadi watu 20,000 na miaka mingi. Kwamba wanaoihitaji chanjo hii hawana pesa, na serikali zao hazijaahidi kununua hata dozi moja kwa bei yoyote. Kwamba wahandisi wetu ni wale wale, na saa wanazotumia huku ni saa wanazokosa kule. Na nikamalizia kwa hoja niliyojivunia: mradi wa namna hii ukibaki kwetu, kila mwaka utasimama kwenye foleni moja na miradi yenye faida, na kila mwaka utashindwa swali la tano. Tukimpa mtu asiyeulizwa swali hilo na wenye hisa, una nafasi ya kuishi. Kuukabidhi ni kuuokoa.

Kufikia saa kumi jioni nilikuwa nimekubaliana na waraka wangu. Hilo ndilo lililonitisha. Nilitafuta mtu mbaya kwenye ile hadithi, na kila nilipomkaribia nilimkuta ni mtu mwenye jedwali, amefanya hesabu sawasawa. Yule wa chemisti ya kona angalau ningeweza kumkasirikia. Hata ofisi iliyopoteza barua. Lakini utamkasirikia vipi mtu aliyejibu maswali matano kwa uaminifu, na la tano jibu lake ni wewe?

Nikaanza kuzunguka chumbani. Nikakumbuka korona. Muundo wa virusi ulitangazwa Januari 2020, na tarehe 2 Desemba mwaka huo huo Uingereza ikaidhinisha chanjo ya Pfizer na BioNTech. Sayansi yake ilikuwa imeandaliwa kwa miaka mingi, ni kweli, lakini kilichofupisha njia ni usimamizi. Awamu zilipandishwa juu ya zingine badala ya kungojeana, na viwanda vikaanza kutengeneza kabla majibu hayajatoka. Julai 2020 serikali ya Marekani iliahidi dola bilioni 1.95 kwa dozi milioni 100 za chanjo ambayo bado ilikuwa haijaidhinishwa. Yaani swali la tano lilijibiwa kwanza, hayo mengine yakafuata mbio. Mwezi ambao vyuo vilifungwa, mimi nikiwa na begi stendi ya Githurai, kila mtu duniani alikuwa anajifunza kwamba foleni inaweza kurukwa. Inategemea tu ni nani anayekohoa.

Basi nikaongeza aya moja mwishoni mwa waraka. Haikuwa ndefu. Niliandika kwamba bodi inapopitisha uamuzi huu ijue kwamba kuna mvulana wa miaka 20, Nairobi, kilo 49, asiyeonekana kwenye jedwali lolote katika waraka huu. Katika hesabu yetu ya gharama tumeandika faida ambayo pesa yetu ingezaa kama ingewekwa kwingine, lakini hatujaandika ambacho miaka yake miwili ingezaa. Niliandika kwamba kama muda una bei kwetu, basi una bei kwake pia, na mtu fulani kwenye kikao angetakiwa kuisoma kwa sauti, hata kama kura haibadiliki.

Nikatuma Ijumaa usiku.

Jumamosi saa nne jamaa wa Wendani alinitumia sauti kwenye WhatsApp. Mteja ameipenda sana kazi, ati ni safi, lakini anaomba aya ya mwisho itolewe. Mkuu wa utafiti hawezi kuongea hivyo mbele ya bodi, haiendani na sauti ya waraka. Aweke pale jedwali la hatari na namna ya kuzikabili. "Na bro," akaongeza, "usianze kuleta hisia kwa oda. Watakata."

Alikuwa na haki. Kusema kweli haikuendana. Nikaikata, nikaipachika kwenye notsi za simu, nikachora jedwali la safu nne. Saa saba mchana simu ikalia: umepokea shilingi 3,500. Nikalipa tokeni za stima, nikanunua unga na mayai, nikalala.

Mamangu alipiga jioni, kama kila Jumamosi. Aliuliza mbona sauti yangu ni nzito. Nikamwambia nimekesha nikiandika kazi ya mtu.

"Ya nini sasa?"

"Ya chanjo ya TB."

Akanyamaza kidogo. "Ile ya mtoto? Ya mkono?"

"Hapana, Mama. Mpya. Bado wanaijaribu, hata huku Kenya wapo."

"Na inafanya kazi?"

"Hawajajua. Wanangojea kuona ni nani ataugua."

"Hee." Nilisikia akisogeza sufuria. "Na hao walioanza, walianza lini?"

Nikamhesabia. Aliposikia miaka akasema neno la Kikamba ambalo sitalitafsiri. Kisha akauliza kama nimekula, nikasema nimekula mayai. Akauliza swali ambalo ameniuliza kila Jumamosi tangu sista ampigie simu mwaka 2019.

"Na dirisha umefungua?"

Nikamwambia nimefungua. Halafu nikainuka, simu ikiwa sikioni, nikaenda nikalifungua.